Sanduku Lililolalamikia Joto

Ukimkuta Winifrida amekaa tu kwenye benchi, mikono mifukoni, mashine imezimwa na wateja wamenuna mlangoni, usidhani kazi imemshinda. Anasubiri. Kila fundi ana lake, na la Winifrida ni hilo: akishashusha swichi kuu hagusi kitu mpaka akae kwanza. Ndani ya masanduku anayoyatengeneza mna kapasita, vikopo vidogo vinavyotunza umeme hata baada ya kuzimwa, na mtu wa pupa hupigwa na umeme ambao kila aliyepo anaapa kwamba haumo. Basi yeye hukaa, akaomba chai kama ipo, akauliza habari za nyumbani na za shambani, na ule umeme uliobaki ukaisha taratibu. Wenye mashine hawapendi hata kidogo. Wanataka kumwona fundi anatoka jasho.

Kibanda chake kiko Milanzi, hapo mjini Sumbawanga, kati ya muuza vifaranga na kinyozi ambaye redio yake haizimwi. Ndani kuna meza, balbu kali, na rafu zilizojaa inveta zilizofunguliwa. Inveta, kwa asiyeijua, ni sanduku la ukutani linalokaa kati ya umeme na mota. Mota kubwa ikiwashwa ghafla hushtuka na kufifisha taa za nusu kijiji. Inveta huipa umeme kidogo kidogo mpaka ishike mwendo. Na pale ambapo kijiji kimefikishiwa umeme wa njia moja wakati mota inataka njia tatu, inveta huupokea huo wa njia moja na kuugeuza kuwa wa tatu. Ni kifaa cha maana sana, lakini kina deko. Kikiudhiwa huzima mota na kuandika herufi na tarakimu kwenye kioo chake kidogo, kueleza kilichokiudhi.

Kazi ya Winifrida ni kusikiliza malalamiko hayo. Amefungua inveta akakuta familia ya mijusi imehamia humo na mayai yake. Amekuta unga umejaa kwenye mbavu za chuma za nyuma, zile zinazotoa joto nje, ukagandamana kama ugali wa jana. Kule bondeni Milepa, ambako joto halina mzaha, kinu cha mpunga cha Msukuma mmoja aitwaye Masunga kilikuwa kinazimika kila mchana, na mafundi wawili walikuwa wamekwisha kumwambia anunue inveta mpya. Winifrida alikaa, akasubiri kama kawaida yake, akaona jua linavyopenya dirishani na kuliangukia sanduku moja kwa moja. Akaomba nyundo, akalihamishia ukuta wa kivulini. Masunga hana tabia ya kusifu watu, lakini siku hiyo alimfungia kuku wawili kwenye pikipiki.

Baba yake alimwandikisha chuo cha ufundi akasomee ushonaji. Alishona vizuri tu mpaka siku cherehani ya umeme ya darasani ilipogoma, akaifungua kabla mwalimu hajarudi, na mwalimu alipomkuta ameirudishia inafanya kazi, alimshika mkono akampeleka darasa la umeme bila kumuuliza mtu. Baadaye alifanya kazi miaka kadhaa katika kiwanda cha unga huko Mbeya, akarudi Ufipa kumuuguza mama yake, akamzika, na hakuondoka tena. Mume wake anauza maharage ya jumla. Akiulizwa mke wake anafanya kazi gani, hujibu bila kucheka kwamba anatibu masanduku.

Na kama daktari mzuri, Winifrida ana jambo moja analoliamini kuliko yote: mgonjwa asikilizwe. Mashine haina sababu ya kumdanganya mtu, huwaambia wanaokuja kujifunza kwake. Ikisema inaona joto, inaona joto. Ndiyo maana kisa cha mashine ya akina mama wa njia ya Namanyere bado hukisimulia yeye mwenyewe, akijicheka, kwa sababu pale sanduku lilimwambia ukweli tangu siku ya kwanza na yeye akaligomea.

Mashine hiyo ya kusaga ni ya kikundi cha akina mama katika kijiji alichozaliwa mama yake, juu uwandani, mahali penye upepo usiokatika. Anayeiendesha ni Mzee Cornelius. Ameiendesha tangu enzi za injini ya dizeli, wakati Winifrida akiwa mtoto wa kutumwa mashineni na ndoo ya mahindi kichwani. Cornelius ndiye aliyekuwa akimtua ndoo. Mke wake, Salome, alikuwa akimpa kikombe cha uji wa ulezi ili asubiri zamu yake bila kutetemeka. Wale wawili hawakuwa wenye mashine, lakini ukisema unakwenda mashineni ulikuwa unamaanisha kwao.

Umeme ulipofika kijijini, kikundi kiliuza ile injini na kununua mota, na Winifrida ndiye aliyekuja kufunga inveta. Salome hakuiona. Alifariki wakati wa mvua, wiki chache kabla, na Cornelius alisimama siku ile ya ufunguzi akiwa amevaa koti lake la kanisani, akipokea pongezi za watu na pole zao kwa pamoja. Mwana wao Abeli, anayeishi Mpanda, alitaka kumchukua. Mzee alikataa. Alisema kaburi liko hapa na mashine iko hapa, na huko Mpanda atakuwa anakaa kwenye kiti tu akingoja chakula.

Miezi ikapita salama. Kikaingia kipupwe, na sanduku likaanza kuzima.

Mara ya kwanza Lydia, mwenyekiti wa kikundi, alipompigia simu, Winifrida alivaa kofia ya sufu na makoti mawili, akafunga sanduku la vifaa nyuma ya pikipiki kwa mpira wa tairi, akapanda. Ilikuwa asubuhi ya upepo mkali, umande unauma vidole. Mzee Cornelius alisikia pikipiki kabla haijafika, na Winifrida alipoingia ndani alimkuta amekwisha kumtandikia blanketi kwenye benchi. Yeye alimwamkia, mzee akaitikia, kisha akachuchumaa kidogo na kupiga makofi ya taratibu, salamu ya heshima ya Wafipa, kumpokea kama mgeni wa heshima na siyo kama mtoto aliyekuwa akimtua ndoo. Winifrida aliona haya. Alishusha swichi, akakaa juu ya lile blanketi, na baada ya upepo wa njiani alisikia raha sana.

Kioo kilikuwa kimeandika kosa la joto. Akacheka. Ndani ya chumba kile pumzi za watu zilikuwa zinaonekana kama moshi, halafu sanduku linalalamika joto. Akafungua, akapiga mbavu za nyuma brashi ingawa hazikuwa chafu, akafunga, akawasha. Mota ilinguruma, ndoo za watu wote zikasagwa, kosa halikurudi. Akanywa chai ya mzee akaenda zake.

Lilirudi wiki iliyofuata. Kosa lilelile, asubuhi nyingine ya upepo. Winifrida akabadilisha feni ya kupozea, ingawa ya zamani ilikuwa inazunguka vizuri. Lilirudi tena. Akapima umeme unaoingia, akapima nyaya za mota moja moja, akakagua kama mawe ya kusagia yamekaza kupita kiasi. Kila kitu kilikuwa sawa, na kila alipokuwepo mashine ilisaga kwa furaha. Akishafika barabara kuu simu inalia.

Hapo ndipo alipoanza kuligomea. Aliamua kwamba kile kipima joto kidogo kilichomo ndani kimeharibika, kinasema uongo. Kilikuwa kipya, alikifunga kwa mkono wake, wala hakuwa na ushahidi wowote. Lakini joto katika kipupwe cha Ufipa halikumwingia akilini, na mtu akishaamua jambo haliwezekani, hata alikalie haoni.

Kijijini nako maneno yalikuwa yameanza. Wapo waliomwona Mzee Cornelius kupitia dirishani akizungumza na sanduku. Wengine walisema tangu Salome aondoke mzee haoni vizuri, anabonyeza asivyovijua. Kulikuwa na mama mmoja aliyetembea na gunia la mahindi kutoka kijiji cha pili, akakuta mashine imekufa, akarudi nalo, na huyo maneno yake hayakuwa ya mnong'ono. Hakuna aliyemchukia mzee. Walikuwa wamechoka kurudi na nafaka yao kichwani.

Lydia akapiga simu jioni moja, sauti yake imepoa. Alisema kikundi kimekaa. Winifrida aje Ijumaa, aangalie kwa mara ya mwisho, kisha aseme mbele ya wanachama wote. Kama sanduku ni bovu, watatafuta jingine. Kama ni zima, basi tatizo ni mwendeshaji, na Abeli ameshaambiwa aje amchukue baba yake.

"Mimi sitaki, Wini," alisema. "Salome alikuwa rafiki yangu. Lakini nikisimama peke yangu watasema nabeba mtu."

Winifrida hakula vizuri usiku ule. Alijua Mpanda itamfanya nini yule mzee. Angekaa kwenye hicho kiti.

Ijumaa upepo ulikuwa mkali kuliko siku zote. Njia nzima Winifrida aliendesha vidole vimekufa ganzi, na alipofika mashine ilikuwa imezima tayari. Ndoo zimepangwa mstari nje, wenye ndoo wamejibanza ukutani upande usio na upepo. Ndani, Mzee Cornelius alikuwa amesimama na shati tu, kola imefungwa hadi juu, midomo imepauka. Winifrida alikuwa amemwona hivyo mara kadhaa, akadhani labda wazee wa uwandani wamezoea. Mzee alimpokea kwa makofi yale yale, akakung'uta blanketi, akalikunja, akamtandikia benchini pembeni ya koti lake lililokuwa limewekwa hapo.

Alishusha swichi. Akakaa. Na kwa vile vidole vilikuwa vinamuuma, alivisukumiza chini ya mapaja yake, katikati ya mikunjo ya blanketi.

Lilikuwa la moto. Halikuwa na uvuguvugu wa kitu kilichokaa ndani tu. Lilikuwa na joto la kitanda ambacho mtu amekitoka sasa hivi. Alilipapasa huku na huku. Kisha akanyoosha mkono akagusa koti la mzee, nalo lilikuwa na joto hilohilo upande wa bitana.

Akamuuliza kama alikuwa amejilaza kidogo. Mzee akashangaa. Alale saa hizi, watu wako nje na ndoo? Ameamka tangu kengele ya kanisa.

"Sasa blanketi hili limepata wapi joto, babu?"

"Hilo ni blanketi la mashine," alisema Mzee Cornelius.

Alilisema kama mtu anayesema hili ni jembe. Hakuwa akificha kitu, na hakuwahi kuficha. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Akaeleza huku Winifrida amekaa palepale. Injini ya dizeli ilikuwa haiwaki asubuhi za kipupwe. Ilikuwa inakohoa na kugoma, na watu wanapigwa na upepo nje mpaka jua lipande. Salome ndiye aliyeanza kuifunika usiku kwa magunia, halafu likapatikana blanketi, na tangu hapo ilikuwa kazi yake kila mwaka baridi ikianza. Naye alikuwa na kanuni yake. Usiifunue kwa sababu tu imewaka. Ifunue ukiiwekea kiganja ukasikia yenyewe imepata joto, kwa maana ukiifunua mapema itashtuka na kuzima. Alipokuwa mgonjwa, siku zile za mwisho, alimwambia mumewe mambo machache tu, na mojawapo lilikuwa kwamba kipupwe kikija asiiache mashine ikalala wazi.

Kwa hiyo Cornelius alilifunika sanduku. Kila asubuhi ya upepo aliwasha mota, blanketi likiwa juu, na kila baada ya muda aliingiza mkono chini yake na kugusa uso wa sanduku, ule wa plastiki wenye kioo. Ulikuwa baridi. Akangoja. Akagusa tena, bado baridi. Halafu mashine inazima, na yeye anaona imekufa kwa baridi kwa sababu hakuifunika vya kutosha. Mara ya pili aliongeza koti lake. Na akisikia pikipiki ya fundi inakuja alivua vyote, kwani mgeni hakalishwi kwenye ubao mtupu.

"Naliambia livumilie kidogo," alisema, "mke wangu alijua namna, mimi najifunza. Lakini halipati joto, Wini. Salome angekuwa ameshaliweza."

Winifrida alilipapasa tena blanketi. Mambo mawili yalimjia kwa pamoja. La kwanza lilikuwa furaha ya fundi, maana kila kitu kilikuwa kimekaa sawasawa: sanduku lilikuwa halipumui, likalia joto, likazima ili lisiungue, na kila alipokuja lilikuwa limeshafunuliwa na kupoa. Alikuwa akiukalia ugonjwa wenyewe, akiusifia raha yake. La pili lilikuwa kwamba sanduku ni zima, na nje kuna kikundi kizima kinachongoja kusikia neno hilo.

Ndani ya boksi lake la vifaa mlikuwa na feni mbovu ya inveta nyingine. Angeweza kuichomoa, akawaonyesha, akasema ndiyo hii. Akamwambia mzee pembeni asifunike tena, na mambo yakaisha. Aliifikiria ile feni kwa dhati kabisa. Lakini mtu huyu alikuwa amesimama na shati katika upepo ule kwa sababu ya neno la mkewe, na kumficha ukweli ilikuwa ni kumwacha aendelee kuamini kwamba Salome alimwachia kazi akashindwa. Winifrida hakuweza.

Umeme wa ndani ulikuwa umeshaisha zamani. Hata hakufungua sanduku. Aliinuka, akapandisha swichi, akawasha mota, akamimina mahindi ya mtu wa kwanza ili mashine ipate mzigo. Walisimama wote wawili wakisikiliza. Kisha akamshika mzee mkono, akaupandisha juu ya sanduku, kwenye matundu ambayo feni inapulizia nje, na kuuacha hapo.

"Kiganja chako hakikukosea, babu. Kilikuwa mahali pasipo pake tu. Hili lina joto lake huku juu."

Mzee Cornelius hakuondoa mkono. Hewa ya moto ilikuwa inapanda kati ya vidole vyake. Aliugeuza mkono, akaweka upande wa nyuma, akarudisha kiganja. Machozi yakamjaa na hakuyafuta.

"Kumbe lilikuwa na joto lake muda wote," alisema. "Nikawa naliziba pumzi." Akainama kidogo kuelekea kwenye sanduku. "Samahani, mama."

Winifrida hakuuliza alikuwa anamwambia nani. Naye alikuwa analia, na anakubali kwamba alilia, kwa sababu amechoka na hadithi ambazo mafundi hawalii.

Alitaka kwenda mwenyewe kuongea na wanachama, mzee akamzuia. Alisema aliyefunika ni yeye. Akavaa koti lake, akachukua blanketi mkononi, wakatoka nje pamoja. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye magogo nyuma ya nyumba ya mashine, kanga na mablanketi hadi masikioni. Mzee alichuchumaa mbele yao, akapiga makofi, akaeleza yote bila kujitetea. Alisema sanduku ni zima. Alisema aliyeharibu ni yeye, na kama Abeli anakuja, basi aje.

Baadhi waliangalia chini. Yule mama aliyerudi na gunia alikuwa anachezea pindo la kanga yake.

Lydia alikuwa haangalii mtu. Alikuwa anaangalia blanketi. Lilikuwa la kijivu, lenye mstari mwekundu ulioanza kufifia, pembe moja imetiwa kiraka cha kitenge. Alinyoosha mkono akalichukua kwa mzee, akalifungua magotini, akakishika kile kiraka.

"Kitenge hiki ni changu," alisema.

Wakasogea kuangalia. Mmoja akakumbuka walivyolinunua, kwamba lilitoka kwenye duka la Mwarabu mjini na kwamba walibishana kama kikundi kina haki ya kununulia injini blanketi wakati watoto wao wanalalia mikeka. Mwingine akakumbuka kikao chenyewe, na nani alipendekeza Salome ndiye awe anafunika. Waliinua mikono wote. Waliagiza, wakampigia vigelegele, na kwa miaka yote ile kila kipupwe walisaga unga wao mapema kwa sababu yeye aliamka kabla yao. Kisha injini ikauzwa. Walifanya sherehe ya umeme, walichinja, walicheza. Lydia aliinua uso.

"Nani kati yetu alikwenda kwa Salome, au kwa huyu, kumwambia kazi ile imeisha?"

Upepo ulikuwa unapeperusha pumba uani. Yule mama wa gunia ndiye aliyeinuka kwanza, akaja akachuchumaa kando ya Mzee Cornelius, akaanza kupiga makofi taratibu, na wengine wakafuata mmoja mmoja pale pale walipokaa. Lydia akalikunja blanketi vizuri, pembe kwa pembe, akampa kwa mikono miwili.

"Kikundi kilikuagiza kufunika, nawe umefunika. Leo kikundi kinasema imetosha. Asante. Na Salome asante, tulichelewa." Akakigusa kile kiraka. "Hili sasa ni lako. Siyo la mashine."

Mzee alilipokea. Baada ya kitambo akauliza, kwa sauti ndogo, kama kufunika kumeisha, yeye atakuwa anafanya nini asubuhi. Wote wakamgeukia Winifrida, na Winifrida akashukuru kwamba hakulazimika kubuni chochote. Kitu kinachoua inveta nyingi ni feni ikifa kimyakimya bila mtu kujua. Akamwambia kila siku mashine ikishika mwendo aweke kiganja pale juu. Akisikia hewa ya moto inapanda, mambo ni sawa. Akiikosa, azime na ampigie simu, kabla sanduku halijaanza kulia.

"Kiganja," alisema Mzee Cornelius.

"Kiganja, babu. Kama zamani."

Abeli alikuja Jumapili kama alivyoambiwa. Alikula ugali kwa baba yake, akaenda naye kaburini, akarudi Mpanda peke yake na mfuko wa unga.

Kipupwe kilichofuata, asubuhi moja, simu ya Winifrida ililia akiwa bado anafungua kibanda. Sauti ya mzee haikuwa na haraka. Alisema leo halipumui, amezima, watu wamekubali kungoja. Winifrida alichukua feni mpya, akapanda pikipiki na kuukabili upepo. Alipofika alikuta swichi imeshushwa kabla yake na kikombe cha uji wa ulezi kinamngoja kwenye kigogo. Kioo cha sanduku hakikuwa kimeandika kosa lolote. Kiganja kilikuwa kimewahi.

Alimwamkia mzee, na mzee akachuchumaa, akapiga makofi. Kisha akaonekana kufadhaika kidogo. Akamwomba radhi mgeni wake, kwa kuwa benchi ni tupu, hana cha kumtandikia. Blanketi la kijivu lilikuwa mabegani mwake, juu ya koti, amelifunga kifuani kwa pini kubwa ya Salome ambayo Winifrida aliikumbuka tangu utotoni.

Winifrida akakaa kwenye ubao mtupu. Ulikuwa baridi mpaka ukampenya kwenye makoti yote mawili. Alichukua kikombe chake cha uji, akasubiri, ingawa umeme ulikuwa umeshaisha zamani.